Daftari la Wageni

Nyota Njema ina vyumba tisa.
Nimevihesabu kwa funguo miaka kumi na sita:
vitano vya choo ndani,
vitatu vya ndoo na korido,
na namba saba, ambayo dirisha lake
linatazama paa la mashine ya kusaga
na mlima, siku ukijisikia.

Huu mtaa wa Kiusa ni wa walalao usiku mmoja.
Madereva wa saruji. Wauza vitunguu wa Mang'ola.
Wapenzi wanaoandika Bwana na Bibi Mushi,
kila Ijumaa Mushi, sura mpya.
Mzungu aliyekosa basi, akaniuliza
kama maji ya moto ni ya moto kweli.
Nikamjibu: yana nia.

Kaka yangu Aminieli
amebeba mahema miaka kumi na minane.
Hema la mgeni, godoro la mgeni, choo cha mgeni,
ndiyo, hata choo, begani, mpaka kwenye mawe.
Wageni wakishamaliza supu
wapagazi kumi na wawili hulala palepale zilipokuwa meza,
miguu ya huyu kichwani kwa yule.
"Kila jioni najenga mji," aliwahi kuniambia,
"na sijapewa kiwanja."

Halafu yule mama wa Austria,
ambaye alimshusha mgongoni siku mapafu yalipomgomea,
akatuma tikiti.

Meseji zikaanza kuingia, usiku, nikipiga hesabu za sabuni.

*Hosteli. Vitanda vya ghorofa, sita chumba kimoja.
Shuka unatandika mwenyewe, asubuhi unatandua mwenyewe.
Chini yangu yuko Mkorea, anakoroma kwa adabu.*

*Leo kwa mkulima. Ng'ombe wako ukuta wa pili,
nimewasikia wakicheua, nikajiona niko Kirua kwa bibi
mpaka ilipokuja bili.*

*Dada, huku kambini unalipia nyasi.
Hema lako, mikono yako, na nyasi unalipia!
Nimelisimamisha la mama kwa dakika nne.
Watu wametoka kwenye nyumba zao za magurudumu
kuja kunitazama.*

*Ipo hoteli ina mtu wa kufungua mlango tu.
Sikuingia. Nimemsalimia yule mtu. Ni wa Gambia.*

Kisha kimya siku tatu. Kisha hii, ndefu:

*Tumelala kwenye kibanda cha mlimani.
Viatu vinaachwa mlangoni kama msikitini.
Godoro ni moja, refu, ukuta hadi ukuta,
watu ishirini tumepangwa kama ndizi kwenye chane:
daktari, hakimu, wanafunzi, mimi.
Saa nane usiku mguu wa mtu umenigusa kichwa.
Nimecheka peke yangu gizani, nikauma blanketi.
Hawa wamelipa, dada.
Wanasema wamekuja kupumzika.*

Alirudi Jumatano, vuli zikianza.
Chumba chake cha Pasua
mwenye nyumba alikwishampa fundi cherehani.

Nikafungua daftari, maana mjumbe huja kukagua
na undugu hauna safu yake mle.
Jina. Kabila. Kazi. Atokako. Aendako.
Kwenye Kazi aliandika *mgeni*,
akakata, akaandika *mpagazi*.
Kwenye Aendako kalamu ikasimama
mpaka wino ukaacha nukta nene.
"Acha," nikamwambia, "wengi huacha wazi."
Nikampa namba saba kwa nusu bei.

Alfajiri alikuwa ameshaondoka, lango la mlimani linafunguliwa mapema.
Shuka zimetanduliwa, zimekunjwa mlangoni,
juu yake hela, bei kamili.
Hazikuwa na hata mkunjo wa mtu.
Mkeka ndio ulikuwa na joto.

Nikazifua hivyo hivyo.
Ni sheria ya nyumba.